Kosa la Oharu Ni Lipi?

Mwanamke aliyechakaa, kahaba wa barabarani, anaingia hekaluni. Anazitazama sanamu za wafuasi wa Buddha, na moja inamjia kwa sura ya kijana aliyempenda zamani. Ndivyo inavyoanza "Maisha ya Oharu", filamu ya Kijapani iliyotengenezwa mwaka 1952 na Kenji Mizoguchi, kutokana na riwaya ya Ihara Saikaku ya mwaka 1686.

Katika karne ya 17, Oharu alitumikia katika kasri la kifalme mjini Kyoto. Alipendana na Katsunosuke, kijana wa cheo cha chini. Makabaila hawakuliruhusu penzi hilo. Kijana alikatwa kichwa. Oharu na wazazi wake wakafukuzwa mjini. Wosia wa kijana ulikuwa kwamba Oharu aolewe na mtu ampendaye kwa dhati, na ije siku ambayo kupenda hakutakuwa jinai kwa sababu ya cheo.

Wengi watawalaumu makabaila, na ni haki yao. Lakini mtazameni pia baba. Bwana mkubwa Matsudaira alipotafuta suria wa kumzalia mrithi, mzee huyo aliona mlango wa utajiri, akakopa kwa kutegemea neema ya bintiye. Oharu akazaa mtoto wa kiume, akanyang'anywa, akarudishwa kwao. Madeni yalipombana, baba alimuuza katika mtaa wa makahaba wa Shimabara.

Mizoguchi aliyajua mambo hayo. Dada yake mwenyewe alitolewa na wazazi kwa sababu ya ufukara, akawa geisha. Labda ndiyo maana kamera yake hukaa mbali kidogo, kama mtu anayeona haya kuukodolea macho msiba. Naye Kinuyo Tanaka anamwigiza Oharu toka usichana hadi utu uzima bila makelele. Filamu hiyo ilipata tuzo Venice mwaka huohuo.

Karibu na mwisho, Oharu anaruhusiwa kumwona mwanawe, sasa bwana mkubwa. Kijana anapita na watumishi wake, wala hageuki.

Wazazi wenzangu, sisi hatuna makasri wala panga. Lakini binti anapomleta kijana nyumbani, tunauliza kwanza tabia yake au mshahara wake? Mahari ni heshima. Ikigeuka kuwa mtaji wa kulipia madeni yetu, tutakuwa na tofauti gani na baba yake Oharu?