Bahari Haisomwi kwa Bendera

Mkaazi wa majumba ya Michenzani hahitaji kamera ili atambue kwamba gari lililoegeshwa chini ya ghorofa usiku wa tatu mfululizo, bila ya mwenyeji yeyote kulijua, lina jambo. Hakuliangalia namba, amelipima kwa mahali, kwa muda na kwa mazoea ya mtaa. Nashikilia kwamba ulinzi wa bahari yetu unahitaji akili ya namna hiyo kabla ya kuhitaji mitambo zaidi.

Meli kubwa hutangaza kwa redio jina lake, mahali ilipo, kasi na uelekeo wake. Lakini mtangazaji ni meli yenyewe, na chombo cha kutangazia huzimwa. Wala bendera si dhamana: Januari 2018 Rais Magufuli aliamuru usajili wa meli za kigeni usitishwe, baada ya meli zilizopeperusha bendera ya Tanzania kukamatwa ng'ambo, moja na dawa za kulevya, nyingine na malighafi za vilipuzi.

Kinachobaki ni kuuhoji mwendo. Meli iendayo maili 10 za baharini kwa saa ikinyamaza kwa saa 6, yaweza kufika maili 60. Ikiibuka maili 20 tu mbele, pana saa 4 zisizo na maelezo. Ilisimama wapi? Ilikutana na nani?

Hata hivyo, hesabu peke yake hudhulumu. Kanuni isemayo kwamba kila chombo kilichosimama usiku kishukiwe itawanasa wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni kusimama na taa katika usiku wa giza. Mvuvi wa Nungwi au Kizimkazi ndiye ajuaye ni chombo kipi kimetia nanga pasipo na samaki, na kipi kimekuja bila ya nyavu. Elimu hiyo hainunuliwi pamoja na rada.

Kwa hiyo napendekeza Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo (KMKM) kikae na kamati za wavuvi, kichore nazo ramani ya maeneo na misimu ya uvuvi, kipokee taarifa bila ya kufichua majina, na kiwarejeshee majibu waliozitoa. Mvuvi anayepekuliwa kila siku kama mhalifu hatasema kitu, hata akiyaona magendo kwa macho yake. Nasi tutabaki na skrini inayotuonyesha wale tu waliokubali kuonekana.