Kwenye Boksi la MiG, Bibi Yangu Hayumo

Ndugu msomaji, nianze kwa kujitambulisha ili asije mtu akaniuliza digrii. Nimemaliza kidato cha nne, sina chuo, nina madaftari matatu ya riwaya ambayo haijaisha. Ninachotaka kusema leo hakihitaji chuo.

Mwezi uliopita, kwenye mitumba ya Karume pale Ilala, nilikuta boksi katikati ya midoli. Juu yake MiG-21 inapaa. Ndani kuna vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu kama vifungo vipya kwenye kadi, stika za kulowesha kwenye maji, na karatasi ya maelekezo. Kipimo ni 1 kwa 72, yaani kila sentimita ya plastiki ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Nikanunua, nikaikalia siku tatu na gundi. Ilipokamilika, mabawa yalikuwa sentimita 10 tu toka ncha hadi ncha. Nakiri, nilifurahi kama mtoto.

Kwa hiyo sisemi kwa wivu. Wenzetu wa Ulaya, Marekani na Japani wanaiheshimu kazi hii. Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire yake ya kwanza ya plastiki mwaka 1953, ikauzwa shilingi mbili kwenye maduka ya Woolworths. Tamiya ya Japani ilianza na biashara ya mbao, ikaingia kwenye plastiki mwaka 1960. Wapo watu wazima, wenye wake na watoto, wanaokesha wakibishana tumbo la ndege fulani lilikuwa na rangi gani Agosti 1940. Siwacheki hata kidogo. Laiti sisi waandishi chipukizi tungekuwa na nusu ya bidii hiyo! Sisi tunaandika askari anapiga risasi, bunduki yenyewe hatujui inashikwaje.

Ugomvi wangu uko kwingine. Boksi lile ni hadithi, na hadithi ile imekatwa miguu. Rubani yumo. Namba ya kikosi imo. Makombora yamehesabiwa, kushoto na kulia. Lakini ardhi haimo. Tafuta karatasi nzima ya maelekezo, hutaona kipande kinachoitwa nyumba iliyokuwa chini. Roy Cross, aliyeanza kuwachorea Airfix mwaka 1964, alichora maboksi yenye moto na milipuko. Miaka ya baadaye mabomu na milipuko ikafutwa kwenye baadhi ya picha hizo. Vita ikabaki ndege safi kwenye mawingu safi.

Tena angalia mwaka ule ule wa 1953. Wakati Spitfire ya plastiki inaingia madukani, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa Kenya na ndege nyingine, Harvard na Lincoln, likidondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwasaka Mau Mau. Mtoto wa London alipata ndege ya kuchezea mkononi. Mtoto wa Nyeri aliipata juu ya kichwa. Nani kati yao amefungiwa hadithi yake kwenye boksi?

Mshikaji mmoja kijiweni akanikatiza: "Acha longolongo wewe. Plastiki imemuua nani?" Ni kweli, haijamuua mtu. Wala sisemi kijana akiunganisha MiG atageuka Amin. Mwenye kiwanda anauza ndege, hakutuahidi riwaya. Riwaya ni kazi yetu. Na hapo, jamani, lawama inaturudia wenyewe, na mimi nikiwa wa kwanza.

Asili yangu ni Bukoba. Oktoba 1978, MiG za Idi Amin ziliushambulia mji ule. Walioandika historia wanasema hasara haikuwa kubwa: milipuko ilivunja vioo vya madirisha, watu wakataharuki. Nikatunga hadithi juu ya siku hiyo. Kurasa tisa. Nilieleza mabawa, injini, mngurumo, rubani alivyokaza meno. Bibi yangu nilimpa mistari miwili, anapiga kelele na kukimbia. Nilipokwenda likizo nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia: "Mume wangu, ndege nimeiona. Sasa mimi niko wapi?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimeandika karatasi ya maelekezo.

Ndipo akanisimulia mwenyewe. Mshindo uliposikika alimnyakua mtoto mgongoni, akakimbilia kwenye migomba. Huko ndani alipomteremsha, akakuta ni mtoto wa jirani. Wa kwake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa kabebwa na jirani kwa upande wa pili wa shamba. Wanawake wale wawili walikaa mpaka jioni, kila mmoja akimbembeleza mtoto wa mwenzake bila kujua kama wake yu hai. Bibi alimnyonyesha yule mtoto. "Ningefanyaje? Alikuwa analia."

Hilo halimo kwenye boksi lolote duniani. Halikuwemo hata kwenye daftari langu, na mimi ni mjukuu wake! Bibi ana kimo cha kama mita moja na nusu. Kwa kipimo cha 1 kwa 72 angekuwa sentimita mbili. Nafasi ilikuwepo.

Waandishi wenzangu, waliokuwa na miaka 20 mwaka ule sasa wanakaribia 70. Tunawazika kila mwezi, halafu tunarudi mjini kuandika majambazi wa kwenye video. Acheni ubabaishaji. Kaa na mzee wako, uliza alikuwa anapika nini, alivaa nini, alimbeba nani. Uliza kwa ubishi ule ule wa yule anayetafuta rangi ya tumbo la ndege.

MiG yangu iko juu ya kabati, sijaitupa. Riwaya nimeianza upya. Ukurasa wa kwanza una wanawake wawili na watoto wawili, na ndege inasikika kuanzia ukurasa wa nne. Anayebisha, naye aandike.