Kalamu Nyekundu Haifundishi Kuandika

Nasema wazi, na nianze na nafsi yangu: kwa miaka mingi niliyosimama darasani, niliwafundisha wanafunzi kusahihisha, sikuwafundisha kuandika upya. Nilizungushia makosa wino mwekundu, nikaandika pembeni "Rudia". Mwanafunzi alikwenda akanakili insha ile ile kwa mwandiko mzuri zaidi, akaweka herufi kubwa na nukta palipotakiwa, akairudisha. Nami nikampa alama. Sote wawili tulidhani kazi imekwisha.

Kosa hilo lingali hai, na katika ushairi limekithiri. Mwaka 2012, shule zilipofunguliwa baada ya mafuriko ya Desemba katika Bonde la Msimbazi, mwanafunzi mmoja aliniletea shairi lililoanza: "Maji mengi yamejaa, nyumba yetu imejaa." Nikahesabu: nane kwa nane, mizani 16, vina vimekaa. Kalamu nyekundu haikuwa na la kusema. Lakini shairi nalo halikuwa limesema kitu.

Nikaiweka kalamu chini, nikamwuliza: "Maji yalipoingia, macho yako yaliona nini?" Akafikiri, akajibu: sufuria la mama. Juma lililofuata alileta: "Sufuria laelea, mlangoni mwa jirani." Mizani ni 16 ile ile. Hapakuwa na kosa lililosahihishwa. Kijana alikuwa ameyatazama upya yale aliyoyaona.

Wapo watakaosema kwamba malenga wa kweli hutunga mara moja, na kwamba kurudia ni dalili ya upungufu wa kipaji. Kujibizana papo kwa papo ni sanaa, siipingi. Ila namkumbusha msomaji jirani yetu wa zamani hapa Magomeni, ambaye nyumba aliyoishi wakati wa kupigania uhuru leo ni makumbusho. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, akaiita Julius Caezar. Kitabu kilikwisha kutoka, naye alikuwa Rais wa nchi. Nani angethubutu kumwandikia "Rudia"? Aliirudia mwenyewe, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Hata jina halikusalimika! Je, mwanafunzi wa kidato cha pili aone haya kufuta ubeti?

Mtihani humpa mtoto saa chache na nafasi moja, nasi tumeufanya mtihani kuwa mwalimu wa uandishi mwaka mzima. Nawataka walimu wenzangu tuache. Rasimu ya kwanza isipewe alama. Isomwe kwa sauti, iulizwe maswali, irudishwe bila wino. Makosa ya tahajia yangoje rasimu ya mwisho.

Mtaniambia madarasa yamefurika na muda hautoshi. Basi badala ya insha nne zinazoandikwa mara moja, ziwe mbili zinazoandikwa mara mbili. Mzigo wa madaftari ni ule ule.

Anayeona nimepotoka na anijibu, hata kwa shairi. Lakini alirudie kwanza.