Msasa Haurudishi Ulichokula

Agosti 2024, kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach, California, zawadi kuu ilikwenda kwa gari ambalo rangi yake imechakaa na kupasukapasuka. Ni Bugatti Type 59 ya mwaka 1934, gari la mashindano ambalo baadaye lilinunuliwa na Leopold III, mfalme wa Ubelgiji enzi Kongo ikiwa koloni la nchi hiyo. Mfalme alitaka liwe jeusi lenye ufito wa njano, na ni kwa weusi huohuo lilivyoingia uwanjani. Maonyesho hayo yalianza 1950, na kabla ya siku hiyo hakuna gari lililoachwa na uzee wake lililowahi kushika nafasi ya kwanza. Kwa miongo mingi walishinda wale walioweza kulivua gari hadi chuma kitupu, kisha wakalivisha upya liking'aa kuliko siku lilipotoka kiwandani.

Uamuzi ule umefufua ubishi wa siku nyingi. Gari adimu la miaka ya mwanzo limekutwa ghalani na vumbi lake, kutu yake, ngozi ya viti imechanika. Lifanywe jipya au liachwe? Wapo wanaoona hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Lakini Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yana Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na kisha na Mwalimu Nyerere. Popote kitu cha namna hiyo kinapokuwa mali ya umma, iko siku mtu mwenye nia njema atasema kipigwe rangi kipendeze. Mimi namwomba asubiri.

Sababu yangu kubwa haiko kwenye bodi, iko kwenye injini.

Injini ya Karl Benz ya 1886 ilikuwa na silinda moja, haikufika lita moja, na nguvu yake haikufika ya farasi mmoja. Katika injini nyingi za enzi hizo, valvu ya kuingizia hewa na mafuta haikusukumwa na chochote: pistoni ikishuka inavuta, springi dhaifu inakubali, valvu inafunguka kwa pumzi hiyo tu. Na si zote zilizokuwa na plagi. Injini za mwanzo za Daimler zilikuwa na kijibomba kilichochomwa kwa nje hadi kiwe chekundu, nacho ndicho kilichowasha mchanganyiko ndani ya silinda. Oili ilidondoka tone kwa tone kutoka kwenye vikombe vya kioo, ikafanya kazi yake, ikaishia barabarani. Beringi zilikuwa za metali laini nyeupe iliyoyeyushwa na kumiminwa mahali pake. Fundi aliikwangua kwa mkono, akajaribu, akakwangua tena, hadi shafti ikakaa.

Mkono huo ndio ninaoutetea. Zamani zile kipuri cha gari moja hakikuingia kwenye jingine. Kililetwa kikiwa kimezidi kidogo, fundi akakipiga tupa mpaka kikakubaliana na mwenzake, kisha vyote viwili vikagongwa namba visije vikatengana. Ndiyo maana mwaka 1908, Cadillac tatu zilipofunguliwa kabisa huko Brooklands, Uingereza, vipuri vikachanganywa, zikaundwa upya na kukimbizwa kilomita 800 hivi, watu walistaajabu, na kampuni ikapewa Tuzo ya Dewar. Leo jambo hilo halimshangazi hata mwanafunzi wa gereji. Injini iliyopigwa tupa kabla ya hapo imebeba alama za mtu mmoja aliyesimama kwenye meza moja. Ukitoa kipande chake ukaweka nakala iliyokerezwa kwa kompyuta, pengine itanguruma vizuri zaidi, lakini mtu yule utakuwa umemfuta.

Na si aliyeliunda tu, hata aliyelitumia. Mwaka huohuo wa 1908 gari la Kimarekani, Thomas Flyer, lilishinda mbio za New York hadi Paris. Lilitoka 12 Februari, likafika 30 Julai, baada ya kukata theluji na matope ya Siberia. Miaka zaidi ya hamsini baadaye mkusanyaji William Harrah alilipata likiwa hoi, akamwita George Schuster, aliyeliendesha, athibitishe kama ndilo. Mzee alisita. Lilipofunguliwa ndipo akaona matengenezo aliyoyafanya mwenyewe njiani, akalikubali. Kilichomshawishi ni viraka vyake. Fundi hodari angeshalipitia kabla yake na kuyanyoosha yote yale, leo tungekuwa na gari zuri lisilo na shahidi. Harrah naye alilifanyia ukarabati, lakini akalirudisha katika hali lililokuwa nayo mwisho wa mbio, na hapo namheshimu.

Schuster alipokuwa Siberia, Paul Graetz alikuwa katikati ya Afrika. Mjerumani huyo aliondoka Dar es Salaam kwa gari tarehe 10 Agosti 1907 na kuingia Swakopmund, pwani ya Atlantiki, 1 Mei 1909. Sehemu kubwa ya njia hiyo haikuwa na gereji wala petroli. Gari la safari kama ile likiletwa mbele yangu, sitauliza rangi yake. Nitainama chini kutafuta palipofungwa waya.

Wanaopinga wana hoja, na kubwa ni kwamba gari liliundwa litembee. Kila Novemba magari yaliyoundwa kabla ya 1905 hutoka London kwenda Brighton, na anayeyasikia huelewa mambo ambayo kabati la kioo haliwezi kumfundisha. Nakubali. Nakubali pia kwamba kutu inayokula chesisi lazima izuiwe, na kwamba uhaba una uzito wake: Ford Model T ziliundwa zaidi ya milioni 15, kwa hiyo anayeifanya moja kuwa mpya hajauibia ulimwengu. Shida huanza zinapokuwa zimebaki mbili au tatu.

Soko nalo limeanza kuharibu mambo kwa upande wa pili. Bugatti Brescia ya 1925 iliyoopolewa Ziwa Maggiore mwaka 2009, ikiwa imeliwa na maji, iliuzwa Paris mwaka uliofuata kwa euro 260,500. Bei za namna hiyo zimewafundisha wengine kutengeneza kutu ya uongo. Huo ni wizi wa historia sawa na ule wa msasa.

Nyumbani kwetu Tanga tulikuwa na Peugeot 404. Kila alipobadilisha oili, baba aliandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya risasi ndani ya mlango wa kisanduku cha dashibodi, mstari chini ya mstari, kwa miaka kumi na tisa. Tukampelekea fundi rangi kumfurahisha mzee. Gari lilirudi linapendeza kweli, na kile kimlango kimepigwa msasa kikapakwa rangi pamoja na mengine.

Kwa hiyo, kabla ya spana kuna kamera na daftari. Kila namba iliyogongwa iandikwe, kila kipande kinachotolewa kifungiwe lebo na kihifadhiwe hata kama hakifai tena. Injini iliyolala miaka isipigwe stata. Itiwe oili ndani ya silinda, iachwe siku kadhaa, kisha izungushwe kwa mkono, taratibu, ukisikiliza. Na fedha ambazo makumbusho yangezimalizia kwenye rangi, sehemu yake ilipwe kwa wazee ambao bado wanajua kumimina beringi na kuikwangua, wakae na vijana wawili watatu kwa mwaka mzima. Wazee hao nao ni adimu, na hawasubiri ghalani.