Nusu Sekunde Unampelekea Nani?

Wasee, tuelewane mapema: kwa mbio, otomatiki imeshinda. Porsche 911 GT3 iliyotoka 2021 inafika 100 km/h kwa sekunde 3.4 ikiwa na PDK, ile gia ya klachi mbili. Ya gia ya mkono ni sekunde 3.9. Niliacha kampasi, lakini hesabu hiyo naijua.

Sasa mbona watu bado wanalipia ile ya polepole? Mwaka wa 2013, Porsche walitoa GT3 bila gia ya mkono. 2016 wakaleta 911 R, gia ya mkono pekee, gari 991 tu dunia nzima. Ziliisha chap, na bei ya kuuziana ikapaa. 2017, gia ya mkono ikarudi kwa GT3.

Hao hawashindani na saa. Wanataka kazi: mguu wa kushoto kwa klachi, na ukikosea gari inakuumbua. Kompyuta ikibadilisha gia vizuri, sifa ni yake, si yako. Kama hauko uwanja wa mbio, hiyo nusu sekunde ni ya nini? Uwahi kusimama kwa jam?

Mimi nipeeni pedali tatu. Na wewe?