TAHARIRI: Vijana wafunzwe kudhibiti tumbojoto, wasiambiwe tu 'jikaze'

Katika mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, hakuna mpinzani anayekugusa. Hakuna wa kukuvuta jezi wala kukupiga kiwiko. Kuna wewe, upinde wako na shabaha iliyo mita 70 mbele yako. Sehemu ya katikati yenye alama 10 ina upana wa sentimita 12.2, ndogo kuliko kisahani cha chai. Mkono ukitikisika kidogo tu, mshale unatua kwingine kabisa.

Ndiyo maana tumbojoto huumaliza mchezo huu kuliko upepo. Kijana anayelenga vizuri mazoezini, siku ya mashindano mate yanamkauka na vidole vinakataa kuachilia ugwe. Kisha anasikia sauti nyuma yake: "Jikaze bwana, mbona unaogopa?" Akikosa, anaambiwa hana moyo wa mashindano. Wengi wakishaambiwa hivyo hawarudi tena.

Kaunti ya Taita Taveta haina sababu ya kupoteza vijana kwa njia hiyo. Upinde si kitu kigeni huku. Jamii ya Waata iliwinda ndovu katika nyika za Tsavo kwa mata mazito na mishale ya sumu, miaka mingi kabla ya mbuga hiyo kutangazwa mwaka 1948. Kumkaribia ndovu ukiwa na mshale mkononi si kazi ya mtu anayetetemeka. Lakini utulivu huo hawakuzaliwa nao. Ulifunzwa, kama ustadi wenyewe.

Na Kenya imeshawahi kufika mbali. Shehzana Anwar, mlenga shabaha wa upinde, ndiye aliyebeba bendera yetu kwenye sherehe ya kufungua Olimpiki za Rio mwaka 2016, ilhali sisi tumezoea kuwashangilia wanariadha wa mbio pekee.

Wanaosema kwamba bingwa haogopi waangalie Olimpiki za Tokyo, zilizofanyika 2021. Mipigo ya moyo ya washindani ilionyeshwa kwenye runinga. Fainali ya wanawake iliamuliwa kwa mshale mmoja mmoja. Moyo wa Elena Osipova wa Urusi ulifika mipigo 167 kwa dakika, naye akapata alama 8. An San wa Korea Kusini alikuwa na mipigo 118, akapiga 10 na kutwaa dhahabu. Watu wengi walishangaa alivyotulia. Lakini mtu mzima aliyekaa tu huwa na mipigo kati ya 60 na 100. Kwa hivyo hata moyo wa bingwa ulikuwa unadunda. Tofauti ni kwamba alijua la kufanya huku ukidunda.

Wakorea hawaachii jambo hilo bahati. Timu yao imewahi kupelekwa kufanya mazoezi katika viwanja vya besiboli, mbele ya mashabiki na kelele, ili siku ya mashindano isiwe ngeni. Jambo hilo halihitaji mamilioni. Kocha wa Taveta anaweza kualika wanafunzi wasimame nyuma ya mstari wa kulenga, kamwe si mbele yake, wapige mbinja na kelele. Amhesabie mlengaji sekunde 20 kwa kila mshale, kisha aweke mshale mmoja wa kuamua mshindi. Kijana akishapitia hayo mara kumi, ya kumi na moja haitamtisha sana.

Kwako kijana, yapo ya kushika. Fuata hatua zile zile kila mshale: miguu, mshiko, kuvuta, kulenga, kuachilia. Kabla ya kuvuta, pumua polepole, na utoe pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Fikiria hatua inayofuata, usifikirie alama wala medali. Kula chakula ulichozoea na ufike mapema. Ukikosa, kumbuka kwamba katika raundi za mchujo seti ya mishale mitatu ina pointi 2 tu, na mshindi ni wa kwanza kufikisha 6. Seti mbaya ikiisha, imeisha. Inayofuata inaanzia sufuri.

Lakini kuna njia ya mkato ambayo lazima tuikemee. Ati utafune muguka kidogo upate ujasiri. Muguka huongeza kasi ya moyo, jambo ambalo mlengaji halihitaji hata kidogo, na kathinoni iliyomo imepigwa marufuku mashindanoni. Vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo navyo vimekatazwa katika mchezo huu, hata wakati wa mazoezi. Ukinaswa, umejifungia mlango mwenyewe.

Kuna watakaosema mashindano yapo ili kuchuja, na asiyeweza kuhimili presha apishe wengine. Ni kweli siku ya fainali haina huruma. Lakini kumchuja chipukizi wa miaka 14 kwa sababu mikono ilimtetemeka siku yake ya kwanza ni kumhukumu kwa somo ambalo hakuna aliyemfundisha. Hatumfukuzi mtoto darasani kwa kutojua hesabu ambazo hajafunzwa.

Kwa hivyo walimu wa michezo na idara ya michezo ya kaunti wapange mashindano madogo ya mara kwa mara, yasiyo na zawadi kubwa, ambapo kukosa hakumgharimu mtu nafasi yake. Wazazi nao waache maneno ya "usituaibishe". Kijana akijifunza kutuliza mkono wake kwenye mstari, ataingia na utulivu huo huo katika chumba cha mtihani wa KCSE na mahojiano ya kazi. Hata asiposhinda medali, hilo litabaki lake.