Mashine ya Kwanza ya Fundi Kijana

Kijana wetu mmoja wa Mwananyamala, mwenye karakana ndogo uani kwa baba yake, atuuliza anunue mashine gani ya kuchonga chuma iongozwayo na kompyuta. Mwanangu, kabla ya bei tazama umeme. Nyumba nyingi zina njia moja, volti 230. Mashine kubwa hutaka njia tatu, na hiyo huombwa TANESCO na kulipiwa. Kisha uzito: mwili wa chuma cha kalibu hutulia, ule mwepesi hutetemeka, uso wa kazi ukatoka na mawimbi. Bakiza fedha za visu na jiliwa, wengi husahau. Na dhahabu ya mama yako usiiweke rehani kabla hujapata wateja wa kazi irudiwayo; kwa gia moja moja, mashine izungushwayo kwa mkono yatosha.